Nimefungiwa faiba, mbona kwenye ruta naona mambo ya simu ya mezani?

"Asalam aleikum fundi. Nina nyumba ya wageni vyumba sita hapa Mkunazini, Mji Mkongwe. Miaka mingi tulikuwa na intaneti ya waya wa simu ya mezani, miezi miwili nyuma tukafungiwa faiba, nalipia spidi ya megabiti 200 kwa sekunde. Mpwa wangu kaingia kwenye ruta kaona pameandikwa PPPoE na jina la mtumiaji na paswedi, kaona na tab ya ATM, na MTU 1492. Kaniambia mjomba umepigwa, hivi ni vitu vya enzi za modemu, faiba ya kweli haina haya. Akaitoa ile 1492 akaweka 1500 ati ipite data nyingi zaidi. Tangu siku hiyo WhatsApp ya maandishi inakwenda, lakini nikitaka kupandisha picha za vyumba kwenye tovuti ya kubukia inazunguka tu, na tovuti ya benki haifunguki. Kompyuta ya mapokezi nayo hata kabla ya hapo haijawahi kupita 94. Na wageni wa gorofa ya pili wanalalamika hawapati kitu. Nimeuziwa faiba ya uongo? Niirudishe?"

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usirudishe kitu, hujapigwa. Mpwa wako alichokiona ni kweli kabisa, hivyo ni vitu vya zamani na vimo humo kwenye ruta yako, ila kosa lake ni kudhani kwamba kila cha zamani ndicho kinachokuchelewesha. Mambo yako ni manne tofauti yametiwa sufuria moja. PPPoE haikudhuru. Ile MTU, yaani kipimo cha paketi kubwa kabisa inayoruhusiwa kupita (paketi ni vifurushi ambavyo data inakatwa ili isafiri), kaiharibu mpwa, inatengenezeka leo leo. Hiyo 94 mie nina dhana na waya uliomo ukutani mwako. Na gorofa ya pili ni kuta za mawe, hapo faiba haihusiki hata kidogo.

Kabla hatujapiga soga nenda kwenye ruta, ingia pale pale alipoingia mpwa, irudishe 1492, bonyeza kuhifadhi, zima ruta uiwashe. Halafu jaribu kupandisha picha moja. Kama una kompyuta ya Windows fungua lile dirisha jeusi la amri uandike ping -f -l 1464 8.8.8.8 utazame kama inajibu, kisha ujaribu 1465. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikikataa ikasema paketi ni kubwa, basi umekaa pale pale panapotakiwa, kwa sababu 1464 ukijumlisha na 28 za vichwa vya paketi yenyewe unapata 1492. Mie nadhani ukifika hapo benki itakuwa ishafunguka.

Sasa tuzungumze kwa nini.

Unakumbuka ile modemu iliyokuwa ikilia kama paka amekanyagwa mkia, unapiga simu kwa kampuni ya intaneti, mtu mwengine akinyanyua simu ukumbini unakatika? Pale ulipokuwa unapiga, kulikuwa na utaratibu unaitwa PPP ambao kazi yake ni kukuuliza wewe nani, paswedi yako nini, ukishajibu unapewa anuani ya intaneti na mlango unafunguliwa, na saa inaanza kuhesabu. Makampuni yakajenga mahesabu yao yote juu ya hapo: nani kalipa, nani hakulipa, nani katumia kiasi gani, yote yamefungwa kwenye jina la mtumiaji. Halafu miaka ya mwisho ya tisini ikaja ADSL, waya ule ule wa simu lakini sasa upo wazi muda wote, hupigi simu tena. Wahandisi wangeweza kusema basi tuache PPP, haina kazi. Lakini mahesabu je? Kompyuta zote za kule ofisini zinajua majina na paswedi tu. Ndio mwezi wa Februari 1999 ukatoka waraka wa kiufundi, RFC 2516, unaoeleza namna ya kuichukua PPP ile ile ya simu ukaitia ndani ya Ethaneti, yaani ndani ya mtandao wa kawaida wa waya wa kompyuta. Wakaiita PPPoE.

Ikaja faiba. Shaba imeondoka, waya mpya wa kioo umeingia, boksi jipya jeupe limepigiliwa ukutani, lakini kule ofisini pale pahala pa kuuliza wewe nani hapajabadilika. Na kwa kweli kwa nini wabadilishe? Wateja wako kwenye mfumo, wanaolipia wanafahamika, asiyelipa jina lake linakataliwa asubuhi inayofuata, na wewe na jirani yako mmetenganishwa kila mmoja kwenye bomba lake. Kubadilisha maana yake kuhamisha wateja wote, kufundisha watu wa huduma kwa wateja upya, na kupata faida ambayo mteja hata haioni. Yapo makampuni yameacha, wanatumia njia nyengine ambayo ukichomeka tu unapewa anuani bila jina wala paswedi, na ndio hiyo mpwa wako kaisoma pahala akadhani ndiyo pekee iliyo "ya kweli". Zote mbili zinapita juu ya faiba. Faiba ni barabara, PPPoE ni yule kijana wa getini mwenye daftari.

Gharama yake ni ndogo mno. Paketi ya Ethaneti inabeba bait 1500, PPPoE inachukua 8 kwa ajili yake, zinabaki 1492. Nane kwa elfu moja na mia tano ni kama nusu ya asilimia moja, katika 200 zako umepoteza moja. Ruta dhaifu sana kweli inaweza kuchoka kwa kufungua na kufunga ile bahasha ya PPPoE kwenye spidi kubwa, hilo nalikubali, lakini kwa 200 ruta yoyote ya miaka ya karibuni inaimudu.

Ila hizo nane lazima uziheshimu, na hapa ndipo mpwa alipoteleza. Unajua magari ya hamali yanavyopita vichochoro vya hapo kwenu Mkunazini, pana pahala gari linapita ukuta huku na ukuta huku, kidole hakiingii. Sasa chukulia kichochoro chetu upana wake ni 1500. Hamali wa PPPoE kafunga mbao pembeni mwa gari, mbao zinakula 8. Mzigo kwa hiyo usizidi 1492. Mpwa kasema mzigo uwe 1500, ukijumlisha na mbao ni 1508, gari linafika kwenye kona linakwama. Kawaida likikwama kuna ujumbe unatakiwa kurudi nyuma kumwambia aliyepakia "punguza, haipiti", ila ujumbe huo ni wa aina ambayo walinzi wengi wa mitandao, khasa wa mabenki, wanaizuia wakidhani ni uchokozi. Basi aliyetuma anangoja, hapati jibu, anatuma tena gari lile lile na upana ule ule, linakwama tena. Wewe kwenye skrini unaona kiduara kinazunguka. Na WhatsApp ya maandishi kwa nini inapita? Kwa sababu neno "nakuja" ni mzigo wa mtoto anayekimbia na mkate mkononi, hawezi kukwama kichochoroni. Picha ya chumba yenye megabait tano ndiyo magari yamejaa mpaka ukingoni. Ukiona hali hii siku yoyote, vidogo vinapita vikubwa vinaning'inia, tena tovuti hii sawa tovuti ile hapana, anza kwa kushuku MTU kabla hujamtukana mtu.

Hiyo tab ya ATM si mashine ya kutolea pesa, wengi wanacheka wakiiona. Na haifanyi kazi yoyote kwako, imo kwa sababu kiwanda kinatengeneza programu moja ya ruta kinaitia kwenye modeli kumi, yenye tundu la simu na isiyokuwa nalo. Lakini hadithi yake naipenda kwa hiyo nivumilie kidogo. Wakati laini za simu ndio zilikuwa ufalme, watu wa simu walitaka mtandao mmoja utakaobeba sauti na data pamoja, ndio huo ulioitwa ATM, wakasema kila kitu kikatwe vipande vya ukubwa mmoja. Ukubwa gani? Wamarekani wakataka bait 64, Wazungu wa Ulaya wakataka 32 ili sauti isichelewe ikaleta mwangwi. Wakavutana wee, mwisho wakagawa katikati, 48, wakaongeza 5 za anuani, ikawa 53. Namba isiyompendeza mtu yeyote, imetokana na suluhu ya kikao.

Sasa ule waya wako wa zamani wa ADSL ulikuwa unafanya hivyo. Mzigo wako wowote unapimwa kwa kibaba, kibaba hichi hakina mkubwa wala mdogo, na katika kila 53 tano ni kifungashio, kibaba cha mwisho kisipojaa kinajazwa makapi. Karibu sehemu moja katika kumi ya spidi ya laini ilikuwa inaishia hapo kila siku na wewe hukuwa unaona. Kwa hiyo kama mpwa anataka kuona teknolojia ya zamani inayokula spidi ya mtu, hiyo ilikuwa kwenye laini uliyoitoa. Ushaachana nayo.

Na nimalize kumharibia siku: hata faiba yenyewe ina damu ya simu ya mezani. Aina ya faiba inayofungwa majumbani mara nyingi ni GPON, inashusha kama giga mbili na nusu kwa sekunde mnagawana nyumba kadhaa, 32 au 64 ni kawaida. Mapigo yake ya moyo ni mara 8000 kwa sekunde, kila baada ya maikrosekunde 125 inaanza fremu mpya. Kwa nini 8000 na sio 10000? Kwa sababu sauti ya simu ilipogeuzwa kuwa namba ilikuwa inapimwa mara 8000 kila sekunde, na vyombo vyote vya simu duniani vikafuata saa hiyo, faiba ikazaliwa ndani ya nyumba hiyo ikairithi. Wewe unaangalia mpira usiku kwenye waya wa kioo, saa inayougonga ni ya simu ya bibi yako. Haina madhara hata chembe.

Haya, 94. Namba hii ukiitamka kwa fundi yeyote wa mitandao atatabasamu. Sio 90, sio 120, ni 94, na haipandi asubuhi wala jioni. Hapo hakuna msongamano wala kampuni kukubania, hapo pana kiungo cha 100 pahala fulani ndani ya nyumba yako. Ethaneti ya 100 ni ya mwaka 1995. Kila paketi ya 1500 inapotoka kwenye waya inatoka na bait 38 za ziada za vichwa na nafasi ya kupumua, toa na vichwa vya ndani, kati ya 100 inabaki 94 na kitu. Kwa hiyo kipimo chako kinakwambia kitu kwa usahihi kabisa kuliko hata mpwa.

Kiungo hicho kinaweza kuwa tundu la ruta, zipo ruta za bei rahisi matundu yake yote ni ya 100 wakati boksi lake linajisifu kwa namba kubwa za waifai. Kinaweza kuwa tundu la kompyuta ya mapokezi kama ni ya zamani. Lakini kwa nyumba ya Mji Mkongwe iliyokuwa na simu ya mezani mie naanza na waya. Nilishakwenda nyumba moja Malindi ya hapa hapa Mji Mkongwe, hali kama yako, nimehangaika nusu siku, nimebadilisha ruta, nimebadilisha kompyuta, bado 94. Mwisho nikafungua lile soketi la ukutani mapokezi, lililopakwa rangi ya chokaa mara tatu mpaka skrubu hazionekani. Ndani nikakuta waya mzuri tu wa nyuzi nane, lakini fundi wa zamani aliugawa, nyuzi nne kapeleka kwenye kompyuta, mbili kapeleka kwenye simu ya mezani, mbili kazikata. Hakukosea yule, kwa 100 unahitaji nyuzi nne tu, na yeye kaokoa kutoboa ukuta wa mawe nusu mita kwa ajili ya waya wa simu. Tatizo giga, yaani kiungo cha 1000, inataka zote nane. Simu ya mezani yenyewe ilikuwa haipo tena, imebaki alama yake mezani, lakini nyuzi zake bado zilikuwa zimeshikiliwa mle ndani. Nikazirudisha, nikatia kichwa kipya, kikasoma 940.

Basi tazama kwako. Kwenye kompyuta ya mapokezi fungua hali ya mtandao wa waya uone spidi ya kiungo, ukikuta 100/100 badala ya 1000/1000 ushajua. Chukua waya mpya mfupi, nunua uliokwisha tiwa vichwa Darajani, beba laptop mpaka kwenye ruta ya faiba, chomeka moja kwa moja, pima. Ikipata karibu na 200 faiba yako ni nzima na ugonjwa uko baina ya ruta na mapokezi. Ikibaki 94 hapo hapo, tazama tundu la ruta na la laptop. Na usiwe mwepesi wa kuvuta waya mpya kwa kutoboa ukuta, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukiutoboa ovyo unamwagika ndani kama sukari, na nyumba iko kwenye hifadhi, Mamlaka ya Mji Mkongwe ina haki ya kukuuliza. Mara nyingi njia ya zamani ya waya wa simu ipo, funga waya mpya kwenye ncha ya ule wa zamani uvute taratibu upande wa pili, wa zamani unatoka mpya unaingia.

Gorofa ya pili sitaki nikae sana. Kuta hizo unene wake nusu mita na zaidi, mawe na chokaa, tena zinavuta unyevu, waifai ya masafa ya gigahezi 5 haitoki hata chumba cha pili, ya 2.4 inapenya kidogo lakini imejaa za majirani wote wa kichochoroni. Hakuna ruta ya maajabu. Usinunue vile vidude vya kurudufisha waifai vinavyochomekwa kwenye soketi ya umeme ngazini, vinachukua mawimbi dhaifu vinayatangaza upya, na spidi inabaki dhaifu vile vile. Vuta waya mmoja mpaka juu, pitisha kwenye uwazi wa ngazi au uani kati, weka kituo cha waifai kwenye korido ya juu. Dari za boriti na udongo nazo ni nene lakini mawimbi yanapendelea kupita uwazi wa ngazi kuliko kupambana na ukuta, kwa hiyo kiweke karibu na ngazi.

Najua mpwa atauliza, je tukiwaomba kampuni watutolee PPPoE? Muombe ukitaka, lakini jibu karibu hakika ni hapana, na ukipewa ndio hutaona tofauti. Njia ya maana zaidi kwa mwenye nyumba ya wageni ni kuwaomba waliweke boksi lao liwe daraja tu, halafu ile PPPoE ipigwe na ruta yako mwenyewe nzuri, unapata uhuru wa kutenganisha mtandao wa wageni na wa mapokezi. Ubaya wake, siku ikiharibika watu wa huduma watakwambia ruta sio yetu, na utahitaji kuwa na jina na paswedi yako mkononi, sio kwenye simu ya fundi aliyekufungia ambaye sasa hapokei. Kama huna mtu wa karibu wa kukusaidia, liache boksi lao lilivyo.

Kuna kitu kimoja cha zamani ambacho nakubali kabisa kwamba kinaumiza watu, na hukukiuliza, lakini utakutana nacho ukitaka kufunga kamera uzitazame ukiwa safarini. Anuani za intaneti za mfumo wa 1981 zimekwisha, hapa Afrika msimamizi wake AFRINIC yuko kwenye mgao wa mwisho mwisho tangu 2020, kwa hiyo makampuni yanawatia wateja wengi nyuma ya anuani moja. Tazama kwenye ruta anuani uliyopewa, ikianza na 100 na namba ya pili iko baina ya 64 na 127, basi wewe umo kwenye daladala la watu wengi na mtu hawezi kukupigia hodi kutoka nje. Nunua kamera zinazotoka zenyewe kwenda kwenye seva ya kiwanda, au lipia anuani yako maalumu. Usimlipe fundi anayekwambia atakufungulia "poti", yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, bila kutazama hilo kwanza.

Na waya wa shaba uliobaki je, uukate? Hapa nina huruma kidogo. Ule waya wa simu ulikuwa unaleta umeme wake mwenyewe kutoka eksichenji, volti 48, umeme wa nyumba ukikatika simu bado inalia gizani. Wenye umri wetu tuliokaa miezi mitatu bila umeme Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tunajua thamani ya kitu kisichotegemea soketi ya nyumbani. Faiba haina hilo, kioo hakipitishi umeme, boksi likizimika umekwisha. Kwa hiyo nunua kile kibetri kidogo cha volti 12 cha kuchomekea boksi na ruta, hakikisha tu volti zinalingana na zilizoandikwa kwenye adapta. Lakini kubaki na shaba kwa ajili ya intaneti, hapana. ADSL ya mwisho ilikuwa inafika 24 ukiwa ubavuni mwa eksichenji, ukisogea kilomita nne tano unabaki na moja mbili au hupati kabisa, na hapo ni waya mzima. Sisi watu wa visiwa shaba tumeanza nayo zamani, kebo ya telegrafu kutoka Aden ilitua hapa 1879, na tangu hapo mpaka leo hewa ya chumvi inazila jointi kijani kijani, mvua ya masika ikipiga laini inakwaruza.

Lini uache kujishughulisha mwenyewe uite watu? Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, hiyo ni faiba imekatika au imepindwa mno, na usichomoe kile kichwa ukakichungulia, mwanga wake jicho haliuoni lakini unaingia machoni. Kwenye ukurasa wa boksi pana pahala pameandikwa nguvu ya mwanga unaopokelewa kwa dBm, ni namba ya hasi. Ikiwa hasi 20 au 22 uko salama, ikishuka kuelekea hasi 27 unaning'inia, siku ya joto au upepo utakatika, waite wapime na mtaje namba hiyo kwenye simu, utaona wanavyobadilika sauti. Vile vile ukipima kwa waya mzima, moja kwa moja kwenye ruta, saa nne asubuhi unapata 200 na saa tatu usiku unapata 30 siku baada ya siku, hapo sasa ni kwao, sio kwako. Piga picha za vipimo vikiwa na tarehe na saa, wapelekee kwa maandishi, wakikuzungusha TCRA, wasimamizi wa mawasiliano nchini, wana ofisi yao hapa Zanzibar na malalamiko wanapokea.

Mpwa wako usimfokee, alifungua ukurasa ambao watu wazima wengi hawajathubutu kuufungua. Mpe bisibisi mwambie afungue lile soketi la mapokezi ahesabu nyuzi, na kabla hajagusa namba yoyote kwenye ruta tena apige picha ya ilivyokuwa. Akishahesabu niandikie amekuta ngapi.